Moto Unapumua Hewa Yetu

Jeppestown, Alhamisi, 23 Aprili 2015

Vivi wangu,

Umefika. Da Kidawa aliniambia pale kwenye kona ya taa za robot kwamba ulilala njia nzima ukimwegemea, na ulipoamka Polokwane neno lako la kwanza lilikuwa soda. Nilicheka peke yangu barabarani hadi mtu akanigeukia. Soda ya rangi gani? Niambie, maana hilo ndilo jambo lako la kwanza ambalo sikuliona kwa macho yangu.

Najua umenikasirikia. Nimekutoa kwenye shule yako, nimekutenga na mdogo wako Gaël, nimekupakia kwenye basi katikati ya marobota ya vitenge ya Da Kidawa kama na wewe ni bidhaa. Una miaka saba, una haki ya kukasirika. Lakini kasirika huku unakula. Célestine ni mdogo wangu wa tumbo moja; akikukemea, ni mimi nimekukemea.

Uliniuliza mlangoni kwa nini mimi na Gaël hatuji, nami nikakujibu mbiombio. Sasa nakujibu vizuri. Baba yako alikwenda Bukavu kumzika babu, baba yake. Yuko njiani anarudi, basi baada ya basi, nchi baada ya nchi, na simu yake waliiiba Lubumbashi. Katika Johannesburg hii yote anaujua mlango mmoja tu, huu wetu. Tukiondoka, mwenye nyumba ataweka watu wengine, na Octave atakuja kubisha kwa watu wasiomjua, siku hizi ambazo mtu anayeongea kama sisi habishi ovyo mlango wa mtu. Kwa hiyo namngoja.

Na kwa nini sikupigii simu? Ukuta wetu unaujua. Si wewe uliyekuwa unacheka ukisikia jirani akikoroga chai? Basi na yeye anatusikia. Nikipiga simu nitaongea Kiswahili, na Kiswahili nimekifunga kwenye kitambaa nikakiweka chini ya kitanda mpaka haya ya mtaani ya kuwafukuza wageni yapite. Hata Gaël namwimbia bila maneno. Na sauti yangu, wewe unaijua, haijawahi kujua kukuficha kitu. Kalamu haipigi kelele. Tutaandikiana. Da Kidawa anakuja huko kila Ijumaa na kurudi Jumatatu.

Masomo yanaendelea kama tulivyokuwa tunafanya jioni kitandani. Mimi niliishia la sita, lakini sayansi ya darasa lako bado naiweza. Kitu usichokielewa, niandikie.

Huku kumetulia. Usiogope.

Mama yako,
Murielle


Polokwane, Jumapili, 26 Aprili 2015

Mama,

Soda ilikuwa ya zambarau. Na ulimi wangu ulikuwa wa zambarau.

Naandika Kiswahili kwa sababu Mama mdogo amesema nikiandika Kiingereza haitumi. Maneno magumu ananiambia yeye. Gaël ameota jino?

Mwalimu wangu mpya ni Ma'am Mokgadi. Ana sauti kubwa lakini si mkali. Tumejifunza vitu vyenye uhai na vitu visivyo na uhai. Chenye uhai kinakula, kinakua, kinasogea, kinapumua, kinazaa. Tukapewa picha tuzipange. Jiwe nimepata. Kuku nimepata. Mti nimepata, Kagiso amekosa mti, amesema mti hautembei, eish! Lakini moto niliuweka na kuku, Ma'am akanipigia alama nyekundu ya kukosa.

Mama, hiyo si haki. Moto unakula. Wewe mwenyewe ulisema moto umekula duka la Burhani lote. Unakua. Ulianza mdogo kwenye tairi ukawa mkubwa kuliko nyumba. Unasogea. Mimi niliuona ukitoka kwa Burhani, ukaruka ukaenda saluni, na hakuna mtu aliyeubeba. Na zile cheche ni watoto wake. Nilimwambia Ma'am kwamba nimeuona. Akanitazama, akanipa nyota ya kubandika. Lakini kosa hakulifuta.

Kama moto una uhai basi unakumbuka njia. Unajua tunakaa wapi?

Vivi

Yaya, dada yangu mkubwa, ni mimi Célestine. Mtoto akisikia kiberiti anajifunika blanketi hadi kichwani. Mjibu hilo swali la mwisho kwanza, mengine yatangoja. Na wewe acha ubishi, njoo. Octave ni mtu mzima, atatutafuta.


Jeppestown, Alhamisi, 7 Mei 2015

Vivi,

Naanza na swali la mwisho. Hapana. Moto haujui tunakaa wapi. Haukumbuki njia, haukumbuki duka la Burhani, haukukumbuki wewe.

Na lile kosa la Ma'am ni la haki, utalikubali. Sikiliza. Kuku ukimfungia bila chakula atatafuta tundu la kutokea, kwa sababu anataka kuishi. Moto hautaki kitu. Ukiuwekea karatasi, unaunguza karatasi. Ukiumwagia maji, unakufa. Ona, hata mimi nimesema unakufa! Ni namna ya kuongea tu, kama tunavyosema jua limelala. Cheche nayo si mtoto. Ni kipande kinachowaka cha kitu kile kile, kimebebwa na upepo, kama upepo unavyobeba unyoya wa kuku. Unyoya ukiruka hadi kwa jirani utasema kuku amezaa? Upepo ndio uliopeleka moto saluni.

Tairi lakini lilisukumwa na watu. Watu wana uhai, na watu wanajua njia. Hilo siwezi kukudanganya, ulikuwepo. Moto wenyewe ni kitu tu, na kitu hakimchukii mtu.

Tena nikuambie siri: nimefuga moto nyumbani! Baridi ya Johannesburg imeshuka, na umeme wanaukata kwa zamu, leo sisi kesho wale. Nimepata mbabula, jiko la makala, makaa ya miti, kama lile la bibi yako. Ni debe la rangi lililotobolewa matundu pembeni. Wazulu nao wanalo, wanaliita imbawula, karibu jina moja. Makala nayawasha uani, nangoja moshi uishe wote, yakibaki mekundu matupu naingiza ndani. Bibi yako alitulea sote kuzunguka mbabula na hakuna aliyeumia. Alikuwa na sheria moja: moshi usivuke mlango.

Chumba kinakuwa na joto kama tumbo la kuku. Dirisha nimelibandika karatasi ngumu za boksi la ndizi, juu yake plastiki, na chini ya mlango nimesokomeza kile kitenge chako cha zamani. Hata mwanga wa sindano hautoki nje. Ukipita utadhani hapakai mtu.

Kwa hiyo kiberiti kisikutishe. Mtazame Mama mdogo akikiwasha. Tazama kwa macho mawili.

Mama yako,
Murielle

Célestine, kipande hiki usimsomee. Kuna mtu anabisha mlango wangu. Si kila siku. Anakuja jioni, nikishaingiza mbabula. Anapiga kwa kiganja, anasema kitu kwa Kizulu chini chini, anangoja, anaondoka. Nampa Gaël titi ili mdomo wake uzibe, nakaa kama gunia. Nadhani wanapita kutafuta vyumba vyenye watu wetu. Kila nikisikia, moyo unaruka: ni Octave! Halafu nakumbuka Octave angeita jina langu.


Polokwane, Jumapili, 10 Mei 2015

Mama!

Nimeshinda nusu!

Ma'am Mokgadi aliweka mshumaa kwenye sahani akauwasha. Sikujifunika, niliangalia kwa macho mawili. Akachukua chupa ya jemu, ile ya mdomo mpana, akaufunika. Mshumaa ukakaa, ukakaa, mwali ukawa mdogo, ukawa wa bluu, ukazimika. Hakuna aliyepuliza, Mama! Hakuna maji! Kagiso alisema ni uchawi, Ma'am akasema Kagiso kaa chini. Akasema moto hauwaki bila hewa, na chupa ikifungwa, hewa nzuri ya ndani inakwisha.

Kwa hiyo unapumua! Niliwaambia!

Nikanyosha mkono nikauliza, na sisi? Akasema na sisi tunatumia hewa hiyo hiyo.

Halafu akaleta mishumaa miwili sawasawa. Mmoja akaufunika kwa chupa ndogo, mmoja kwa chupa kubwa. Tulipiga kelele kama kwenye mpira. Ule wa chupa ndogo ulizimika kwanza. Nyumbani nimejaribu tena na tena, Mama mdogo anawasha kiberiti, mimi nashika chupa. Nimejaribu mpaka mshumaa umekwisha na Mama mdogo amenuna.

Nilimuuliza Ma'am: kama chupa ingekuwa na mlango, na mshumaa ungekuwa na mikono, ungefungua? Akacheka. Akasema mshumaa haujui kwamba hewa inakwisha. Unawaka tu mpaka hauwaki.

Sasa kama moto hauna uhai, kwa nini ule wa chupa ndogo ulinitia huruma? Jibu hilo.

Vivi

Yaya, kipande chako nimekisoma na usingizi umenitoka. Usimfungulie mtu. Hata akilia, hata akisema ni polisi. Asiyeita jina lako usimfungulie. C.


Jeppestown, Alhamisi, 21 Mei 2015

Vivi, Vivi wangu,

Wiki iliyopita sikuandika. Da Kidawa alinikuta kwenye robot nikampa mkono mtupu, akanitazama usoni akauliza kama naumwa. Ni kichwa tu. Kinanibana kama kitambaa kilichofungwa kwa hasira. Jambo la ajabu, nikitoka kuchota maji bombani, nikikaa kidogo pale uani, kinaachia. Nikirudi na kufunga mlango, muda si mrefu kinarudi. Nadhani ni mawazo. Mawazo yanakaa chumbani, mimi nikitoka hayanifuati.

Gaël jino limetoka, la chini. Amekuwa mtoto mwema sana. Halii tena. Analala mchana kutwa, nikimwamsha anyonye anatapika kidogo, analala tena. Mungu ameona shida yangu akanipa mtoto asiyelia, maana siku hizi kilio kingetuuza.

Swali lako la mlango. Nilianza kulijibu asubuhi, nikaenda kugeuza makala, nikasahau nilichotaka kusema. Mshumaa hauna mikono. Hilo ndilo. Na huruma si kosa, hata mdoli unamwonea huruma. Swali lako la mlango nitalijibu vizuri. Nimeshaandika hivyo?

Usinicheke kwa mwandiko huu, mistari inatembea.

Wanasema kesho kutakuwa na mkutano wa watu kule hosteli wanakolala wanaume wa kazi, na baada ya mikutano kama hiyo ndipo wanaingia mitaani. Sitatoka. Nimenunua mfuko mzima wa makala. Tutakaa ndani kutwa, mimi na mdogo wako na mbabula yetu, mlango umefungwa, tukitulia. Yule wa kubisha alikuja tena jana. Usimwambie Vivi, Célestine. Aa, nimeliandika kwenye barua yake. Basi, Vivi, ni panya.

Kula vizuri.

Mama yako,
Murielle


Polokwane, Ijumaa, 22 Mei 2015

MAMA TOKA NJE.

Mama mdogo alikuwa ananisomea barua yako. Akafika pale kichwa kinaachia uani na kinarudi chumbani. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Nikaenda kuchukua chupa yangu ya jemu nikaiweka mezani, Mama mdogo akaacha kusoma.

Chumba chetu ni chupa, Mama. Ile karatasi ya ndizi dirishani ni kifuniko. Kitenge changu chini ya mlango ni kifuniko. Wewe na Gaël na moto mko watatu ndani ya chupa moja mnagombea hewa, na moto unakula haraka kuliko nyinyi. Gaël hajawa mtoto mwema. Gaël anazimika.

Ma'am alisema mshumaa haujui. Na wewe hujui. Mimi nakuambia.

Wewe una mikono. Fungua.

Vivi

Yaya Murielle, mtoto amesema kweli, nimekimbia kwa mama mmoja muuguzi wa kanisani kwetu, ameshika kichwa. Simu yako haipatikani. Da Kidawa ameacha mzigo wake sokoni, anageuza na basi la jioni. Atakuita kwa jina. Mfungulie. Mungu wangu, Yaya, na mimi niliyekuambia usifungue!


Jeppestown, Alhamisi, 28 Mei 2015

Vivi, Célestine,

Hii isomeni pamoja. Vipande vya kusoma kando sina tena.

Gaël yuko hai. Ameniuma kidole asubuhi hii kwa lile jino lake. Mimi pia niko hai. Sasa kaeni niwaambie.

Ijumaa ile Da Kidawa alipokuwa njiani kwenu na barua yangu, sisi tulikuwa ndani tangu kulipopambazuka. Nje upepo ulikuwa unakata masikio. Mbabula ilikuwa nyekundu, nzuri, bila hata uzi wa moshi. Bibi angenisifu. Mchana nikataka kumnyonyesha Gaël. Akafungua mdomo, hakunyonya. Nikamwita sikioni. Nikampiga nyayo kidogo. Kichwa chake kikaanguka kwenye mkono wangu kama cha mdoli wa kitambaa. Nikataka kusimama, miguu ikakataa, kama miguu ya mtu mwingine niliyoazima.

Na hapo mlango ukabishwa. Kiganja, kama siku zote. Safari hii mchana kweupe.

Nikanyamaza. Nikasema moyoni, asante Mungu, mtoto halii. Mtu yuko mlangoni na mtoto wangu halii. Halafu nikasikia nilichokisema.

Barua yako ya mishumaa, Vivi, ilikuwa chini ya mto. Sikuisoma, nisikudanganye, macho yalikuwa hayashiki herufi. Niliziona tu akilini zile chupa mbili. Niliuona mwali ukiwa wa bluu, na hakuna aliyepuliza. Nikaangalia dirisha langu, karatasi, plastiki, gundi, nilivyolifunga kwa mikono yangu mwenyewe na kujisifu. Nikafikiri: nje kuna mtu ambaye labda atatuua. Humu ndani tayari tunakufa. Nikamvuta Gaël kwa kitenge, nikatambaa hadi mlangoni, nikavuta komeo.

Alikuwa mwanamke. Mtu mzima, mnene, amevaa aproni ya maua. Ni yule jirani yetu anayekoroga chai! Sikuwahi kuona uso wake vizuri, tangu Aprili nilikuwa napita uani nikitazama miguu yangu. Hakunisalimu. Aliniruka pale chini, akamnyakua Gaël, akanipigia kelele "Woza! Woza!", njoo, njoo, na nisipokwenda akanikamata mkono akaniburuta hadi kwenye upepo. Akarudi akaisukuma mbabula nje kwa teke, makala yakamwagika uani. Halafu akamlaza Gaël kifudifudi kwenye mkono wake, akawa anamsugua mgongo na kumgombeza kwa Kizulu, anamgombeza kama mtu mzima aliyerudi nyumbani amelewa.

Gaël akakohoa. Akatapika. Akalia.

Vivi, alilia kwa sauti ya soko zima. Na mimi nikapiga kelele kwa Kiswahili, pale uani, "Lia mwanangu, lia baba, lia!", na milango yote ikafunguka, kila mtu akanisikia natoka wapi. Mwanamume mmoja wa chumba cha mwisho alisimama akatutazama muda mrefu, kisha akarudi ndani akafunga mlango wake. Sijui alifikiri nini. Mpaka leo sijui. Nikipita hapo naharakisha.

Kliniki walimwekea Gaël kifuniko cha hewa usoni, na mimi changu. Muuguzi alinieleza polepole. Makala yakiwaka mahali palipofungwa yanatoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu, na damu inaibeba ikidhani ni hewa nzuri. Mtu anaumwa kichwa, anachoka, anasinzia, haamki. Nikamwambia, lakini dada, moshi ulikuwa umekwisha. Akasema yakiwa mekundu bila moshi ndiyo yanayoua watu, kwa sababu hayawakimbizi nje. Nikamwambia kwa mama yangu Bukavu tulikaa na mbabula ndani miaka yote. Akaniuliza, nyumba yenu ilikuwa ya nini?

Célestine, ya nini? Ya mbao! Kati ya ubao na ubao ulikuwa unamwona mpita njia na kofia yake. Upepo ulikuwa unalala na sisi. Mama alikuwa kila mwaka anamlalamikia baba azibe mianya ile, baba anasema kesho. Sisi tukasifu makala na sheria ya moshi, kumbe ni uvivu wa baba uliotukuza.

Jirani yetu anaitwa MaNgubane. Tunaelewana kwa Kizulu changu cha saluni na Kiingereza chake cha kuokota, kinatosha. Alikuwa anaona debe langu linaingia jioni na halitoki. Kwao watu wanaota moto, na kabla ya kulala wanautoa nje. Alimzika mdogo wake na mke wake hivyo, baridi ya mwaka mmoja, mtaa wa Alexandra. Kwa hiyo alikuwa anakuja kuniambia, na mimi nakaa kama gunia. Ameniuliza kwa nini sikuwa nafungua. Nikatafuta neno zuri nikalikosa, nikamwambia nilikuwa nakuogopa. Akasema, "Mimi nilidhani unaringa." Akacheka, na macho yake yalikuwa na maji.

Da Kidawa alifika Jumamosi asubuhi akiita jina langu tangu getini, Murielle, Murielle, hadi sauti imemkauka. Barua yako, Vivi, niliisoma uani nimekaa kwenye ndoo. Ilikuja siku moja nyuma. Ile ya chupa mbili ndiyo iliyowahi. Usilie kwa hilo. Nimelia mimi, inatosha kwa sisi wawili.

Tunakuja. Ijumaa ya wiki ijayo, na Da Kidawa. Baba yako atakuta mlango huu una mtu wa kumjibu: MaNgubane amepewa picha yake aione, na nimemfundisha kusema "Murielle yuko Polokwane." Anaisema kwa ukali kama anafukuza mbuzi, Octave atadhani anatukanwa. Naogopa kumwachia jambo hili. Nilimwogopa mwanamke huyo wiki baada ya wiki, na sasa nimemwekea mikononi mume wangu. Naogopa, na namwachia hivyo hivyo.

Swali lako la mlango, Vivi, lile la mshumaa wenye mikono. Ungefungua. Lakini lazima mtu aliye nje ya chupa aubishie kwanza.

Na kuhusu moto, neno langu ni lile lile. Hauna uhai, usirudi kumsumbua Ma'am. Nusu uliyoshinda nakuachia: unapumua hewa yetu. Tukifika nitakagua na hesabu zako, usidhani umepona.

Karatasi za dirisha nimezibandua zote. Tunalala na makoti.

Mama yako,
Murielle


Polokwane, Jumapili, 31 Mei 2015

Mama,

Mama mdogo alisoma barua yako mara nyingi na kila mara analia mahali pengine. Pale pa mianya ya babu alicheka mpaka akakaa chini.

Ma'am alitupa zile picha tena. Moto nimeuweka na jiwe. Nimepata. Nilimwambia Ma'am ukweli wote wa Gaël mbele ya darasa lote. Ma'am akatoka nje kidogo. Aliporudi akasema kila mtu aende nyumbani akaulize kwao wanaota moto wa nini. Kagiso amesema kwa bibi yake ni imbawula, na bibi amesema yeye anajua, siku zote anaitoa nje.

Chumba mtakacholala kina dirisha moja. Lilikuwa limekwama na rangi. Mama mdogo alilikwangua kwa kisu, akalipiga kwa mchi, likafunguka na kioo hakikupasuka. Sasa anasema tulifunge mpaka Ijumaa kwa sababu ya baridi. Nimekataa. Amesema mimi ni mkaidi kama wewe.

Usiku naogopa bado. Naogopa yule mtu wa chumba cha mwisho. Naogopa basi. Ukikaa kwenye basi kaa upande wa dirisha.

Leo nilitaka kuona kama hewa inaingia kweli. Nikaweka mshumaa chini ya dirisha. Kiberiti nimewasha mimi, Mama mdogo amenishika mkono lakini mimi ndiye niliyewasha. Sikuufunika na kitu. Mwali haukusimama wima, ulilala upande mmoja kama mtu anayesukumwa, nikafikiri utazimika.

Haukuzimika. Nimekaa hapa nautazama.

Vivi